Gia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana yake garini na katika mazungumzo

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanaojifunza udereva na wanaoandika. Wa kwanza wanataka kujua chuma kinafanya nini, wa pili wanataka kujua msemo unabeba nini. Nimewajibu pamoja kwa makusudi. Anayeelewa kinachotokea ndani ya giaboksi, lile sanduku la gia lililo kati ya injini na magurudumu, ndiye anayeutumia msemo wa gia mahali pake, na magazeti yetu yangesomeka vizuri zaidi kama wote wanaoandika "wamebadili gia" wangejua gia inabadili nini.

Gia ni nini hasa?

Ni vitu viwili vinavyoitwa jina moja. Kwanza ni gurudumu la chuma lenye meno, linaloshikana na gurudumu jingine la meno ili moja likizunguka, jingine nalo lizunguke. Pili ni hatua ya mwendo anayoichagua dereva: namba moja, namba mbili, mpaka ya mwisho, pamoja na ya kurudi nyuma. Fundi akisema "gia imekatika meno," anazungumzia ile ya kwanza. Dereva akisema "weka gia namba tatu," anazungumzia ya pili. Karibu misemo yote ya mitaani imezaliwa kutoka maana hii ya pili.

Kwa nini gari lihitaji gia nyingi? Moja haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu injini ya petroli au dizeli ni mashine yenye masharti. Ikizunguka polepole mno haina nguvu, na ukizidi kuibana inazima. Ikizunguka kasi mno inajiumiza. Kati ya hapo ndipo inapofanya kazi vizuri. Barabara haijali masharti hayo: gari linatakiwa litoke likiwa limesimama, lipande mlima likiwa na mzigo, kisha likimbie kwenye tambarare kwa kilomita 100 kwa saa. Kazi ya giaboksi ni kuipatanisha injini na barabara.

Chukua gari dogo la kawaida. Katika namba moja, injini huzunguka takriban mara tatu na nusu ili mhimili unaotoka kwenye giaboksi uzunguke mara moja. Mbele yake kuna upunguzaji mwingine kwenye difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu, mara nyingi wa takriban mara nne. Kwa hiyo injini inazunguka karibu mara 14 ili tairi lizunguke mara moja tu. Mwendo umepungua mara 14, lakini msukumo kwenye tairi umeongezeka karibu kwa kiasi hichohicho. Katika namba tano mambo yamegeuka: injini inazunguka mara tatu hivi kwa kila mzunguko wa tairi. Gari linakimbia, injini imetulia, lakini msukumo ni mdogo.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Gia haizalishi nguvu. Nguvu ni ileile ya injini. Gia inakuuliza unaitaka kwa umbo gani, msukumo au kasi, na huwezi kupewa vyote viwili kwa wingi kwa wakati mmoja.

Historia yenyewe inatuonyesha. Gari la Karl Benz, lililopata hataza Ujerumani mwaka 1886, lilikuwa na mwendo mmoja tu. Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua pamoja na wanawe wawili akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwenye miinuko gari lilishindwa, ikabidi lisukumwe. Aliporudi alimshauri mumewe aongeze gia ya kupandia milima, na ikaongezwa. Napenda watu waijue habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba gia ya ziada ilitafutwa kwa ajili ya mlima. Haja ya kukimbia haikuwa ndiyo iliyoanza.

Namba moja ni gia kubwa au ndogo?

Hapa wengi huchanganyikiwa, na wana haki. Kwa madereva, "gia kubwa" kwa kawaida ni ile yenye namba kubwa: ya nne, ya tano, ya sita. Lakini ukisikia dereva wa lori kwenye mlima akisema anatafuta "gia yenye nguvu," anashuka kuelekea namba ndogo. Pia wapo wanaosema "gia nzito" kwa maana ya namba moja, na wengine wanasema hivyohivyo kwa maana ya namba tano, kwa sababu ukiondokea nayo gari huona uzito. Ukiandika, usitegemee msomaji akisie. Sema "gia ya chini" na "gia ya juu," au taja namba.

Nje ya gari, "kubadili gia" maana yake nini?

Kubadili kasi au namna ya kufanya jambo huku lengo likibaki lilelile. Timu iliyocheza kwa utulivu kipindi cha kwanza ikaanza kushambulia kwa nguvu kipindi cha pili imebadili gia. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma taratibu, mtihani ukakaribia akaanza kuamka alfajiri, naye amebadili gia. Lango ni lilelile, mtihani ni uleule, kilichobadilika ni mwendo.

Nasisitiza suala la lengo kwa sababu ndipo msemo unapotumiwa vibaya zaidi. Giaboksi haipindi gari. Mtu aliyeacha ualimu akaanza kilimo hajabadili gia, amekata kona. Kazi ya kupinda ni ya usukani, na tunao msemo wake. Ukisoma "kampuni imebadili gia na kuachana kabisa na biashara yake," hapo mwandishi ameshika chombo kisichohusika.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kubadili gia siku zote ni kuongeza kasi. Dereva hupanga gia na kuzipangua. Anapanda na kushuka kadiri barabara inavyomtaka. Kwa hiyo mtu anayepunguza ratiba zake ili ajenge afya naye amebadili gia, na matumizi hayo ni sahihi kabisa ingawa huyasikii mara nyingi.

Kuambiwa "bado uko gia namba moja" ni tusi?

Msemaji mara nyingi anakusudia kejeli: u mzito, huendi. Lakini kwa mtu anayejua gari, namba moja ndiyo gia yenye msukumo kuliko zote za mbele. Ndiyo inayolitoa gari matopeni. Ndiyo inayoondoa lori lenye shehena kutoka penye mwinuko. Jaribu kuondoka na namba nne uone: gari litatetemeka, injini itagugumia, kisha itazima, na ukilazimisha kwa kuachia nusunusu klachi, kile kiungo kinachoishikanisha injini na giaboksi, utanuka harufu ya klachi inayoungua.

Kwa hiyo ukitaka kumkosoa mtu, kosoa jambo lenyewe. Kosa halipo katika kuwa kwenye namba moja. Lipo katika kubaki namba moja wakati barabara imenyooka na injini inalia kuomba namba mbili. Biashara ya mwezi wa kwanza, mtoto anayeanza kusoma, mgonjwa anayejifunza kutembea tena: wote wako namba moja na ndipo wanapostahili kuwa. Nawaomba wanaoandika makala za kuhamasisha walikumbuke hili, kwa sababu shauri la "ingia gia ya tano leo" linapotolewa kwa mtu ambaye hata hajaondoka, ni shauri la kuzimisha injini.

"Kubadili gia angani" ni nini, na kwa nini angani?

Ni kubadili mpango ghafla wakati jambo tayari limeanza na hakuna nafasi ya kusimama. Nchini Tanzania msemo huu ulitamba sana mwaka 2015, pale Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alipotoka chama tawala, CCM, na kujiunga na chama cha upinzani cha CHADEMA, kisha akasimama kama mgombea urais akiungwa mkono na vyama vya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Tangu hapo umebaki katika siasa, na umesambaa hadi kwenye soka na mapenzi.

Nguvu ya msemo iko katika neno "angani." Ndege haina gia za kupandisha na kushusha kama gari. Ni picha ya kutiwa chumvi makusudi, inayomfanya msikilizaji ahisi hatari. Ardhini, kila ubadilishaji wa gia una kipande kifupi cha wakati ambapo umekanyaga klachi na injini imeachana na magurudumu. Kwa muda huo mdogo gari linakwenda kwa msukumo wa mwendo wake lenyewe. Ukikosea, unaweza kukanyaga breki ukaweka gari pembeni. Sasa ipeleke picha hiyohiyo hewani, mahali pasipo na pembeni. Ndiyo maana msemo unabeba ujasiri na hofu kwa pamoja.

Angalia pia kwamba hauna upande. Aliyebadili mpango huusema kwa kujisifu: tulisoma hali, tukabadili gia angani. Mpinzani wake huusema kwa kulaumu: hawa hawaaminiki, wamebadili gia angani. Maneno ni yaleyale. Kwa mwandishi wa habari anayetaka kutenda haki, hili ni jambo la kuangalia. Ukiandika msemo huu kwa kauli yako mwenyewe, msomaji atakusoma kwa jicho la upande wake. Ni heri uuweke mdomoni mwa aliyeusema.

Je, haupingani na nilichosema juu kuhusu usukani? Unapingana kidogo. Kuhama chama ni kugeuka njia, si kubadili mwendo tu. Lakini "kubadili gia angani" umekuwa msemo kamili wenye maana yake, na watu wameuzoea hivyo. Lugha ikishakubaliana juu ya jambo, siwezi kuirudisha gereji. Ninachoomba ni kwamba usiuchukue ule wenye "angani" kuwa kibali cha kuutumia vibaya ule mfupi.

Na "kuingia na gia ya..." je?

Hii ni maana nyingine kabisa, ya mtaani, na imeenea sana Tanzania. Hapa gia ni kisingizio, njia ya kuanzia, mlango wa kupenyezea jambo lako. "Alikuja na gia ya kuuliza saa, kumbe anataka namba ya simu." "Matapeli waliingia na gia ya kutoa mikopo nafuu." Sikiliza tofauti: hapa habadilishi mtu gia, anaingia nayo. Gia ya kwanza ndiyo inayoliondoa gari, na maneno ya kwanza ndiyo yanayoondoa mazungumzo.

Maana hii karibu siku zote ina harufu ya hila, ndogo au kubwa. Usiitumie kwa mtu mwenye nia safi isipokuwa unataka kumtilia shaka. Katika barua ya kikazi au taarifa rasmi, andika tu "kisingizio" au "kwa kujifanya."

"Kupiga rivasi" ni sawa na kushusha gia?

Hapana, na tofauti yake ni nzuri kuijua. Kushusha gia ni kuendelea mbele kwa mwendo mdogo na msukumo mkubwa. Rivasi ni kurudi ulikotoka. Ndani ya giaboksi ya kawaida, gia ya kurudi nyuma hupatikana kwa kuingiza gurudumu la meno la ziada katikati, ili mzunguko ugeuke upande mwingine. Kwa sababu hiyo gari lazima lisimame kwanza. Ukijaribu kuitia likiwa linakwenda mbele, itakwaruza mpaka abiria wote wageuke.

Katika mazungumzo, "amepiga rivasi" ni mtu aliyerudi nyuma kwenye ahadi, uamuzi au kauli yake. Waziri aliyetangaza tozo Jumatatu na kuifuta Ijumaa amepiga rivasi. Aliyeipunguza tu ameshusha gia. Ukivichanganya, umemnyima msomaji habari yenyewe.

Mtu akisema "niko nyutro" anamaanisha nini?

Kwamba haegemei upande wowote. Madereva wengi huiita hali hiyo "fri": injini inawaka, lakini haijashikana na magurudumu. Msemo umechukua nusu ya picha, ile ya kutokuwa upande huu wala ule. Nusu nyingine naiona bora zaidi na haitumiki vya kutosha. Ukiwa fri unaweza kukanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikaunguruma mtaa mzima ukasikia, na gari lisisogee hata hatua moja. Vikao vingi viko katika hali hiyo.

Kushuka mlima kwa fri kunaokoa mafuta?

Swali hili ni la gari lenyewe, si la msemo, lakini huulizwa sana, na jibu lake linaweza kuokoa maisha. Usifanye. Gari likiwa kwenye gia ya chini, injini yenyewe hulizuia lisikimbie, na breki hupata nafuu. Ukiliweka fri, uzito wote unabaki kwenye breki. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mpaka zinapoteza uwezo wa kushika, na kwa gari la mzigo hapo hakuna tena la kufanya. Kuhusu mafuta: injini za kisasa zenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta huyakata unapoteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga ekseleta. Ukiwa fri, injini inahitaji mafuta kidogo ili isizime. Kwa hiyo hata hesabu ya pesa haikubaliani na desturi hiyo.

Mwandishi naye achukue hapa kitu kimoja: kushusha gia kwenye mteremko ni kazi ya dereva aliye macho. Mtu anayejizuia wakati mambo yanamwendea haraka mno, kwa mfano aliyepata fedha nyingi kwa ghafla, ameshusha gia kwa maana iliyo kamili kabisa.

Misemo mingine ya gari inatofautianaje na gia?

Kila kifaa kina kazi yake, na lugha imezigawa vizuri kuliko tunavyodhani. "Kukanyaga mafuta" ni kuongeza juhudi bila kubadili mbinu. "Kufunga breki" ni kusimamisha, mara nyingi kwa ghafla. "Kushika usukani" ni kuongoza, ndiyo maana timu iliyo kileleni mwa msimamo husemwa imeshika usukani wa ligi. "Spea tairi" ni mtu au kitu cha akiba, na kumwita mpenzi hivyo kunauma. "Mchepuko" umetoka barabarani, ile njia ya muda ya kupita pembeni, ukaingia kwenye ndoa, na siku hizi wengi hawaikumbuki tena barabara wakilisikia.

Klachi haina msemo ulioenea, na ni hasara, kwa sababu bila klachi hakuna ubadilishaji laini. Kampuni inayobadili mfumo wa kazi usiku mmoja bila kuwaandaa wafanyakazi inaingiza gia bila klachi, na mkwaruzo wake husikika hadi nje. Msemo huu ni pendekezo langu, lakini nimeona watu wakiuelewa mara moja.

Magari ya otomatiki na ya umeme yataua msemo huu?

Gari la otomatiki halijaondoa gia, limemwondolea dereva kazi ya kuzichagua. Oldsmobile ya Marekani ilianza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic kwenye magari ya mwaka 1940, na ndani yake zilikuwepo gia nne za mbele. Za leo zinaweza kuwa nane au hata kumi. Kuna pia mfumo usio na hatua kabisa, unaotumia mkanda na puli zinazobadilika upana. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuweka kwenye gari lake mwaka 1958. Humo mwendo hupanda kwa mtelezo mmoja, bila kubadilika kwa ngazi.

Gari la umeme ndilo lililobadili hali zaidi. Mota ya umeme hutoa msukumo tangu inapoanza kuzunguka, na inaweza kuzunguka kasi sana bila kuchoka. Kwa hiyo mengi yana upunguzaji mmoja tu kutoka mota hadi tairi. Yapo machache yenye mbili, kama Porsche Taycan, ambayo ina gia mbili kwenye ekseli ya nyuma.

Hata hivyo siuhofii msemo. Tunasema "kutweka" na "kushusha tanga" hata sisi tusiowahi kupanda jahazi. Kitakachopotea ni ile hisia ya mkono kwenye mpini na mguu kwenye klachi, na pamoja nayo makosa niliyoyataja hapo juu yataongezeka, kwa sababu atakayeandika "kubadili gia" hatakuwa ameibadili hata mara moja. Hii ni sababu tosha ya kuwaeleza watoto jinsi giaboksi inavyofanya kazi. Baiskeli yenye gia inatosha kabisa kwa somo hilo: wapandishe mlimani na mnyororo ukiwa kwenye gia isiyofaa, kisha waambie wabadili.

Gia iko ngeli gani, na ni "kubadili" au "kubadilisha"?

Ni ngeli ya I-ZI: gia hii, gia hizi, gia imeingia, gia zimeingia. Wingi hauna kiambishi, kwa hiyo "magia" halifai katika maandishi sanifu. Kuhusu kitenzi, vyote viwili hutumika, ila katika msemo wa angani "kubadili" ndicho kilichozoeleka, na kukiongezea silabi kunaupunguzia wepesi. Kwa matendo ya dereva, utasikia "kutia," "kuweka" na "kuingiza" gia, na gia yenyewe huweza "kukataa" kuingia au "kuchomoka" ikiwa imechakaa. Andika "gia namba tatu" au "gia ya tatu," chagua moja na uishike kwenye andiko zima. Tahajia ni "gia," bila "y" katikati.